Nchi Iliyopunguziwa Umri

Jamhuri ya Ustawini haimo katika ramani yoyote, na atakayesema anaijua, au kwamba ana shemeji yake huko, huyo ana lake jambo. Mimi nasimulia kama nilivyosimuliwa. Chumvi sikuongeza, maana huko hata chumvi ina kibali chake.

Alikuwapo katika nchi hiyo mwanamke aitwaye Hidaya binti Mwinchande, umri wake miaka arobaini na moja, mtakwimu wa Idara ya Vifo. Idara hiyo ilikuwa ghorofa ya tatu ya Wizara ya Umri na Maendeleo, juu kabisa ya Idara ya Vizazi, kwani waliojenga jengo waliona kwamba anayezaliwa huanzia chini na anayekufa hupanda. Kila mwezi Hidaya aliletewa madaftari ya vifo kutoka wilayani, naye akahesabu nani kafa, na kafa na miaka mingapi. Kazi yenyewe aliipenda, ingawa kwenye harusi za watu, akiulizwa anafanya nini, alijibu kwamba yuko serikalini.

Alichokipenda ni hiki. Mtu akishapita thelathini, hatari yake ya kufa huongezeka maradufu kila baada ya miaka minane. Wa thelathini na nane ana hatari mara mbili ya wa thelathini. Wa arobaini na sita mara nne. Hivyo hivyo, mpaka mtu anakwisha. Ukiichora hatari hiyo kwenye karatasi yake maalumu, inapanda ikiwa imenyooka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ngazi ikisimama wima, watu wa nchi hiyo wanazeeka haraka. Ikilala, wanazeeka polepole. Ndiyo njia ya kupima kasi ya uzee wa taifa zima bila kumsumbua hata mtu mmoja aliye hai.

Miaka yote hapakuwa na mkubwa aliyeijali ngazi ya Hidaya. Kisha Mtukufu Baba Asiyechakaa, rais wa nchi, akatimiza miaka sabini na tisa.

Katiba ya Ustawini, kifungu cha arobaini, ilikataza mtu aliyepita sabini na tano kugombea urais. Kifungu hicho kilikuwa kimekwisha sogezwa mara tatu, na wanasheria wa serikali walionya kwamba mahali pale karatasi imeanza kutoboka kwa kufutwafutwa. Ndipo Waziri wa Umri na Maendeleo, Mheshimiwa Mtondoo, akasimama kwenye kikao cha baraza na kuuliza swali lililomfanya apewe gari la pili:

"Kwani ni lazima tubadilishe katiba? Kwa nini tusibadilishe miaka?"

*

Siku ya pili yake Hidaya aliitwa na mkurugenzi wake. Huyu alikuwa Bwana Kinyemi, mtu mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa, ambaye tangu ateuliwe hakuna aliyewahi kumsikia akisema ndiyo wala hapana.

"Bi Hidaya," alisema, "wakubwa wanaulizia ile ngazi yako. Inasemaje?"

"Imelala, Mkurugenzi."

"Imelala?"

"Zamani hatari ilikuwa inaongezeka maradufu kila miaka minane. Sasa inachukua miaka kumi na miwili. Lakini si kwamba…"

"Imelala," alirudia Bwana Kinyemi taratibu, kama mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto homa imemwachia na amepata usingizi. "Andika ripoti."

Hidaya akaandika ripoti ya kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jedwali na sentensi moja: *Kasi ya kuzeeka, kwa jinsi inavyoonekana katika vifo vilivyosajiliwa, imepungua kwa theluthi moja.* Ukurasa wa pili ulianza hivi: *Hata hivyo, msomaji asidanganyike.*

Kurasa zilizobaki zilieleza kwa nini asidanganyike. Alipoanza kazi, katika kila watu elfu wa miaka thelathini walikuwa wakifa wawili kwa mwaka. Sasa walikufa sita. Wa miaka sabini walikuwa wakifa sitini na wanne katika elfu, na sasa pia sitini na wanne. Wazee walikuwa wanazeeka vile vile walivyozeeka babu zao. Vijana ndio walioanza kufa: wengine katika hospitali zenye rangi mpya na kabati tupu, wengine kwenye madaraja yaliyozinduliwa kabla hayajakauka, wengine kwenye machimbo ya serikali ambako kofia ngumu zilivaliwa na wageni wa heshima tu. Ngazi ilikuwa imelala kwa sababu mguu wake wa chini umeinuliwa. Kule juu haikushuka hata kidogo.

Bwana Kinyemi alisoma yote, miwani ikimteremka puani.

"Umeandika vizuri sana," alisema. Kisha akautenga ukurasa wa kwanza, akaugonga mhuri, na zile kurasa kumi na moja akazitia kwenye droo.

"Mkurugenzi, hiyo ya kwanza haisimami peke yake."

"Kuna uongo ndani yake?"

"Uongo haumo. Ila…"

"Basi mwanangu, mimi sikukuomba uongo, wala serikali haiombi uongo. Serikali imeomba ngazi." Akaifunga droo kwa ufunguo, pole pole, asije akaichubua.

*

Tangazo lilitolewa uwanjani, mchana, mbele ya wanafunzi waliopewa soda. Mheshimiwa Mtondoo alivaa suti nyeupe.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mataifa makubwa yametumia maabara, yametumia vidonge, yametumia panya, na bado yanazeeka! Sisi tumetumia uongozi! Sayansi imethibitisha, kwa takwimu za marehemu wenyewe, ambao hawana sababu ya kujipendekeza kwa mtu, kwamba mwananchi wa Ustawini anazeeka polepole kwa theluthi nzima! Swali ni moja: je, ni haki mtu huyo kuendelea kubambikiwa miaka ambayo hakuizeekea?"

"Siyo haki!" waliitika wanafunzi.

Hivyo ikawa sheria: kila mwaka baada ya thelathini utahesabiwa kuwa miezi minane. Mtukufu akarudi kuwa na miaka sitini na miwili na ushei, na kesho yake akachukua fomu ya kugombea.

Mambo mengine yakafuata yenyewe. Wodi ya wazee katika hospitali kuu ilifungwa kwa kukosa wazee, ikageuzwa ukumbi wa semina. Neno "uzee" liliondolewa kwenye orodha ya visababishi vya kifo, na mahali pake pakaachwa nafasi ya kuandika "mengineyo". Ukatoka Waraka wa Shikamoo, uliopiga marufuku kumwamkia shikamoo hadharani mtu yeyote aliye chini ya miaka sitini ya kisheria, kwa kuwa salamu hiyo ilibainika kuzeesha. Askari wa manispaa walikaa kwenye milango ya masoko kusikiliza watu wanavyosalimiana.

Watu walicheka wiki ya kwanza. Kinamama walioulizwa umri walijibu kwa madaha. Wiki ya pili barua zikaanza kufika majumbani.

*

Baba yake Hidaya, Mzee Mwinchande, alikuwa na miaka sabini na miwili. Thelathini na tano kati ya hiyo aliitumia juu ya nguzo za umeme, akiwa fundi wa laini, mpaka alipostaafu na magoti yake yakastaafu pamoja naye. Mkewe alikuwa amefariki. Aliishi na Hidaya, bintiye wa pekee, akilima mchicha kwenye makopo na kubishana na redio.

Barua yake ilisema: *Kwa kuwa umebainika kuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na kwa kuwa umri wa kustaafu ni sitini, unatakiwa kurejea kazini Jumatatu. Utoro wa miaka kumi na miwili umesamehewa.*

"Wamenisamehe," alisema Mzee Mwinchande, akiikunja barua. "Watu waungwana."

"Baba, hutaenda."

"Usipokwenda wanakuja kukuchukua. Wamemchukua Mzee Abeid wa bandani, kinyozi yule, na mshipa wake wa ngiri. Sasa ana miaka hamsini na sita." Akatazama magoti yake. "Hivi nani hasa aliyefanya hesabu hizi, Hidaya? Maana redio inasema wataalamu."

Hidaya alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua punje zilizokwisha chambuliwa.

"Ni mimi, Baba."

Akamweleza yote, ngazi na mguu wa ngazi, kurasa kumi na moja na droo. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kwenye upande wa sikio zuri.

"Kwa hiyo wale vijana," alisema, "sita katika elfu. Hao hakuna aliyewauliza?"

"Hakuna, Baba."

"Mimi nimekula sabini na mbili. Usinililie mimi."

Kesho yake asubuhi Hidaya alikwenda kwa Bwana Kinyemi kuomba baba yake asamehewe. Alieleza habari ya magoti, presha, na macho. Bwana Kinyemi alimpa kiti na chai.

"Nakuelewa," alisema. "Nami nina mama. Lakini fikiria mwenyewe: mzazi wa mtaalamu aliyeandika ripoti, yeye ndiye aombe kuwa mzee? Watu watasemaje? Mheshimiwa amelisikia jina la Mwinchande kwenye orodha, akafurahi mno. Ameagiza awe wa kwanza kupanda siku ya uzinduzi."

"Kupanda wapi?"

"Nguzo," alisema Bwana Kinyemi, kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Sukari inatosha?"

*

Uzinduzi wa Vikosi vya Waliorejea ulifanyika kwenye njia panda ya soko kuu, saa nne asubuhi. Waliorejea walikuwa thelathini, wamevaa fulana za kijani, wengine wameshikana mikono kwa kukosa mahali pa kuegemea. Hidaya alimpata baba yake kwenye mstari na, kwa kuwa askari wa manispaa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, alimwamkia kama sheria ilivyotaka:

"Mambo, Baba?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee kwa sauti kubwa.

Askari alifungua daftari lake, akamtazama, akalifunga. Naye alikuwa na baba.

Mzee Mwinchande alifungwa vyuma vya kupandia miguuni na mkanda kiunoni. Hidaya aliomba apande mwingine. Aliambiwa programu imekwisha chapwa. Mzee akaanza kupanda. Na hapa lazima isemwe, maana waliokuwapo wote wanasema hivyo: alipanda vizuri. Mikono ilikumbuka. Alipanda hatua kwa hatua hadi kwenye vikombe vya kushikilia nyaya, watu wakapiga makofi, Mheshimiwa Mtondoo akanyanyua mikono yote miwili kana kwamba yeye ndiye aliyempandisha kwa kamba.

Kushuka ndiko kulikoshindikana. Magoti yalikataa. Mzee aliukumbatia mti wa nguzo, akaegemeza shavu lake pale, akatulia.

"Baba!" Hidaya aliita. "Baba, usitazame chini!"

"Sitazami!" ilikuja sauti yake, nyembamba. "Niko salama. Endeleeni."

Nao wakaendelea. Mheshimiwa alihutubia dakika hamsini. Hidaya alikwenda kwa mkuu wa zimamoto, ambaye gari lake la ngazi lilikuwa limeegeshwa hapo hapo kwa ajili ya kupamba sherehe, likiwa na maputo. Mkuu wa zimamoto alisikitika kweli. Kanuni zake, alisema, zilimruhusu kuokoa watoto, wajawazito na wazee. Mwanamume mzima wa miaka hamsini na minane aliyepanda mwenyewe ni lazima ashuke mwenyewe.

"Lakini unamwona!" alisema Hidaya. "Mtazame! Huyo ni mtu wa hamsini na minane?"

Mkuu wa zimamoto hakuinua macho. "Dada yangu," alinong'ona, "usiniambie nitazame."

Jua lilipanda. Mheshimiwa akaondoka na msafara wake, viti vikakunjwa, maputo yakafunguliwa. Saa nane kasoro, wachuuzi wa soko waliokuwa wamechoka kungoja serikali walileta kamba za kufungia mizigo, wakapanda wawili, wakamshusha Mzee Mwinchande amefungwa kifuani kama gunia la karanga. Midomo ilikuwa imepasuka, na mikono haikukubali kukunjuka. Ilibaki imeviringa, imekumbatia nguzo ambayo haikuwapo tena.

"Nimeiona nyumba yetu kutoka kule," alimwambia Hidaya. "Ule mchicha unataka maji."

Alifariki siku ya tatu, asubuhi, hospitalini, katika wodi ya wanaume wa makamo.

*

Daktari wa zamu aliitwa Mbonde. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu, na fomu ya kifo ilikuwa mbele yake tangu saa moja.

"Mama, pole sana. Nimekwama kwenye kisababishi," alisema. "Ukweli ni kwamba mzee alikuwa amechoka mwili mzima. Moyo, figo, kila kitu. Zamani ningeandika neno moja na ungekuwa umekwenda zako."

"Andika hilo neno."

"Halimo kwenye orodha. Nikiliandika, fomu inarudi, na mwili hautolewi mpaka ipitishwe. Mwenzangu aliliandika mwezi jana. Maiti ilikaa siku kumi na tisa, naye daktari yuko semina."

Nje, chini ya ukuta, walikuwa wamekwisha fika jirani wanne na jeneza la msikitini. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Hidaya alitaka baba yake azikwe adhuhuri ile, kama watu wanavyozikwa.

"Andika utakavyo," alisema.

Daktari Mbonde akaandika: *Mengineyo: moyo kukataa kazi.* Akaandika umri: *58.* Kisha akamgeuzia Hidaya fomu aweke saini kwenye mstari wa mtoa taarifa, unaothibitisha kwamba yote yaliyotajwa hapo juu ni kweli kwa kadiri ajuavyo.

Hidaya alikuwa amesoma fomu za namna hiyo maelfu, kwa miaka kumi na sita, bila kujua jicho la anayetia saini hukwama wapi. Sasa alijua: hukwama kwenye tarakimu ya umri. Akatia saini. Wakazika adhuhuri.

*

Mwaka ulipokwisha, madaftari yakaja, na Bwana Kinyemi akaomba ngazi mpya.

Hidaya alichora mara tatu, akidhani amekosea. Ngazi ilikuwa imelala karibu chini kabisa. Hatari ya kufa sasa ilichukua miaka ishirini kuongezeka maradufu. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Ustawini alikuwa akizeeka kwa kasi isiyofika hata nusu ya ile ya kwanza. Katika kila miaka kumi, alizeeka minne.

Sababu aliiona mchana huo huo. Vifo viliandikwa kwa umri mpya, lakini walio hai walikuwa wamehesabiwa katika sensa ya miaka ya nyuma, kwa umri wa zamani. Aliyekufa na sabini na mbili aliandikwa hamsini na nane. Kwa hiyo ukifungua daftari la vifo, wa sabini na mbili hayumo, hakuna afaye. Ukifungua daftari la sensa, wa sabini na mbili wamejaa tele, wazima wa afya. Ukiyaweka madaftari mawili pamoja, wazee wa Ustawini walikuwa wameacha kufa.

Alimtafuta baba yake kwa kidole. Katika daftari moja alikuwa marehemu wa miaka hamsini na minane. Katika lingine alikuwa mzee, na yu hai. Hidaya akakaa hapo na madaftari mawili, moja kulia na moja kushoto, mpaka wafagiaji walipokuja.

Safari hii aliweka maelezo kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya jedwali, kwa herufi kubwa. Bwana Kinyemi akachukua mkasi, akakata jedwali.

"Siweki saini," alisema Hidaya.

"Sikulazimishi."

Alikataa siku ya kwanza, akakataa ya pili, ya tatu. Hakuna aliyemtisha. Waliokuwa wakimsalimia koridoni waliacha, basi. Siku ya nne, Ijumaa, Bwana Kinyemi alimwita akamwekea chai.

"Nimesikia unataka kusahihisha cheti cha marehemu mzee."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameandika maombi matano. Alitaka kitu kimoja tu sasa katika nchi ile: paandikwe mahali, kwa wino, kwamba Mwinchande aliishi miaka sabini na miwili. Aliiishi. Njaa mbili aliziona, mke alimzika, nguzo alizipanda. Haikuwa haki mtu kumkata miaka kumi na minne kama anayepunguza kucha.

"Barua ya kuruhusu masahihisho naweza kuitia saini mimi," alisema Bwana Kinyemi. "Leo hii. Nawe utie yako hapa. Jedwali lenyewe umelihesabu wewe, na tarakimu zake ni sahihi kulingana na madaftari. Au nimekosea?"

"Hukukosea."

"Unaona? Hakuna anayemdanganya mtu."

Hidaya alisema moyoni kwamba akikataa, ataandika mwingine. Na akikubali, angalau mtu mmoja atarudishiwa umri wake. Akatia saini. Bwana Kinyemi naye akatia yake, akampa barua ndani ya bahasha, akamfungulia mlango.

*

Jumapili, Mheshimiwa Mtondoo alitangaza kanuni mpya. Safari hii alisema serikali imeona ni ubaguzi kuwapunguzia watu miaka ya baada ya thelathini tu, ilhali miaka ya utotoni nayo ni miaka ya wananchi. Umri wote, tangu kuzaliwa, utahesabiwa minne katika kila kumi. Kwa hesabu hiyo Mtukufu alipaswa kuwa na miaka thelathini na moja, na katiba haimruhusu wa chini ya arobaini kugombea. Lakini wanasheria walieleza kwamba yeye, kwa unyenyekevu wake, amechagua kubaki na kanuni ya kwanza.

Jumatatu saa mbili Hidaya alikuwa kwenye dirisha la masahihisho, ghorofa ya chini. Karani wa dirisha hilo aliitwa Feruzi, mtu wa miaka hamsini na mitatu, waliyekuwa wakinywa naye kahawa miaka mingi. Feruzi alisoma barua, akasoma cheti, akatazama saini ya Bwana Kinyemi kwenye mwanga.

"Barua iko sawa kabisa," alisema. Alionekana amefurahi kwa ajili yake. "Mwombaji ni wewe?"

"Ni mimi. Binti yake."

"Umri?"

"Arobaini na moja."

Feruzi alianza kuandika, kisha kalamu ikasimama. Akavuta kikokotoo, akabonyeza, akakitazama. Akabonyeza tena, pole pole, kama anayetumaini kwamba mashine itabadili nia.

"Hidaya," alisema, "una miaka kumi na sita. Na miezi minne."

Nyuma yake foleni ilisogea hatua moja.

"Maombi ya mtoto siwezi kuyapokea. Na hata kule juu…" Feruzi alishusha sauti. "Umeona mlango wako? Wameweka kufuli. Nchi yetu imesaini mikataba, hairuhusu kuajiri watoto."

"Ile ripoti nimeisaini Ijumaa."

"Ijumaa ulikuwa mtu mzima. Ile ni halali." Akamrudishia bahasha kupitia tundu la kioo, akiishika kwa vidole viwili. Hakumtazama, alitazama fomu, mahali palipoandikwa masharti, akasoma kwa sauti aliyoizoea ya dirishani, ya kila siku, isiyo na ubaya wowote ndani yake:

"Mwombaji aliye chini ya miaka kumi na minane arudi akiwa ameongozana na mzazi."